Kiapo cha Ndoa na Mashine ya Kunyanyulia



Kwa miezi kadhaa sasa, sisi tunaowatembelea wagonjwa kwa niaba ya kanisa tumekuwa tukiulizwa swali moja kwa namna nyingi. Mmoja analiuliza kwa sauti ya chini mlangoni baada ya ibada. Mwingine anatuma ujumbe wa simu usiku wa manane akiwa zamu. Swali lenyewe ni hili: mwenzangu amelala kitandani, hawezi kusimama wala kujigeuza. Wameleta mashine ya kumnyanyulia, na wanataka kuleta watu wa kumwogesha. Nikikubali, je, nitakuwa nimekivunja kiapo nilichoapa mbele ya Mungu na mashahidi?

Swali hili ni zito, na anayeliuliza huwa hajalala vizuri kwa muda mrefu. Halistahili jibu la haraka la "usijali, dada" au "omba tu, kaka". Ndiyo maana tumeona tuliandikie, ili familia zilisome zikiwa zimetulia, hata zile ambazo ugonjwa haujabisha hodi kwao.

Tuanze na nyumba zenyewe. Nyingi kati ya nyumba za hapa Lozells ni zile za matofali mekundu za enzi za Malkia Victoria, zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima. Bafu liko juu, au liko nyuma kabisa kupita jikoni. Mtu aliyepata kiharusi, au mwenye saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo, au mwenye ugonjwa wa neva unaomaliza nguvu za misuli, hawezi tena kupanda ngazi hizo. Basi sebule inageuzwa chumba cha kulala. Makochi yanasukumwa ukutani au yanatolewa. Kinaingia kitanda cha umeme kinachopanda na kushuka, godoro la hewa la kuzuia vidonda vya kulalia, kiti cha choo, kiti cha magurudumu, mashuka ya kutelezesha, na hiyo mashine ya kunyanyulia ambayo kazini tunaiita hoisti.

Kwa asiyeijua, hoisti ni mlingoti wa chuma wenye magurudumu na mkono unaopanda kwa umeme. Kwenye mkono huo hufungwa kitambaa imara kinachopitishwa chini ya mgongo na mapaja ya mgonjwa. Ukikitazama kitambaa hicho, utaona kwamba ni mbeleko. Kila mmoja wetu alibebwa kwenye mbeleko kabla hajajua kutembea, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mama anayetumia mbeleko anampenda mwanawe kidogo kuliko anayembeba mikononi. Mama alifunga mbeleko ili mikono yake ipate kufanya kazi, na mtoto akalala akisikia joto la mgongo.

Lakini mke anapoambiwa amtie mumewe kwenye mbeleko ya chuma, moyo unakataa. Tunaelewa kwa nini. Huyu ni mtu aliyemlipia mahari, aliyemtangulia kuja Ulaya, aliyembebea masanduku uwanja wa ndege. Kumwona ananing'inia hewani akiwa amekunja magoti ni jambo linaloumiza. Na mume ambaye mkewe ndiye mgonjwa naye anasema, "Mimi nina mikono. Kwa nini mashine imbebe mke wangu?"

Hapa tunaomba kila msomaji anayefanya kazi ya kutunza wazee, ile tunayoiita kea, ajiangalie kidogo. Ninyi ni wengi katika ushirika huu. Wengine mko kwenye nyumba za wazee, wengine mnazunguka nyumba kwa nyumba kutoka Handsworth mpaka Erdington, wengine ni manesi wodini. Kazini mnajua sheria. Mgonjwa asiyeweza kusimama hanyanyuliwi kwa mikono. Mnakuwa wawili, mnafunga mbeleko, mnaangalia ndoano, mnamweleza mgonjwa kinachoendelea, ndipo mnabonyeza. Mtu akikuagiza umnyanyue mzee wa kilo 85 peke yako kwa kumshika makwapani, unakataa, na unayo haki ya kukataa.

Kisha zamu inaisha, unapanda basi, unafungua mlango wa nyumba yako, na unamnyanyua mumeo wa kilo 85 peke yako kwa kumshika makwapani.

Tumeliona hili katika nyumba zaidi ya moja. Sheria za nchi hii kuhusu kunyanyua mizigo kazini ni za mwaka 1992, na mamlaka ya usalama kazini imetoa kipimo cha mzigo: kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke, tena ukiwa umeshikwa karibu na mwili kwenye usawa wa kiuno. Kipimo hicho hakikatazi kuzidisha. Kinamwambia mwajiri kwamba akizidisha, apime hatari kwa makini zaidi. Na kimekusudiwa mzigo uliotulia. Mwanadamu hatulii. Anashtuka, anaogopa, mguu unateleza, upande mmoja wa mwili umelegea. Bega la aliyepata kiharusi, likivutwa kwapani, linaweza kuteguka, na maumivu yake hudumu.

Sheria hizo zinamlinda mfanyakazi anayelipwa. Mke aliye sebuleni kwake hana mwajiri wala msimamizi, na hakuna mtu wa kumwuliza kama mgongo unauma. Mwili wake ni uleule aliokuwa nao kazini saa mbili zilizopita, na uzito wa mgonjwa ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba huyu wa nyumbani anampenda. Mapenzi hayapunguzi kilo hata moja.

Basi swali la kwanza la dhamiri tunaligeuza kidogo. Kama kumnyanyua mtu vibaya ni kumhatarisha, na kazini tunakataa kumfanyia hivyo mzee tusiyemjua, kwa nini tunamfanyia yule tuliyemwapia? Mgeni anapata mbeleko iliyokaguliwa na watu wawili waliofundishwa. Mume anapata mke mmoja aliyechoka. Tukisema huo ndio upendo, tumempa mpendwa wetu huduma duni kuliko ya mteja.

Sasa tukitazame kiapo. Siku ya arusi tuliahidi kushikamana na mwenzetu wakati wa afya na wakati wa ugonjwa, kumtunza na kumheshimu, na kutomwacha mpaka kifo. Ahadi hiyo ni ya mtu kwa mtu. Haimo ndani yake ahadi ya kukataa msaada, wala ahadi kwamba mgongo wangu ndio utakaokuwa chombo pekee cha kumbeba. Anayevunja kiapo ni yule anayeondoka. Anaweza kuondoka kwa miguu, na anaweza pia kuondoka akiwa bado yuko chumbani, anamlisha huku anatazama simu, anamgeuza bila kumsemesha. Mwenye kukubali mashine hajaondoka popote.

Biblia inatupa kisa cha Musa juu ya kilima, katika kitabu cha Kutoka sura ya 17. Mikono yake ilipochoka kuinuliwa, walileta jiwe akalikalia, na Haruni na Huri wakamshikilia mikono, huyu upande huu na huyu upande ule, mpaka jua likachwa. Jiwe lile lilikuwa kifaa, na wale wawili walikuwa wasaidizi. Kazi ilibaki ya Musa, na hakuna popote anapolaumiwa kwamba imani yake ilipungua kwa sababu alikaa.

Kuna pingamizi tunalolisikia sana, hasa kwenye simu kutoka nyumbani. Shangazi wa Mwanza au kaka wa Bukavu anasema, "Sisi Waafrika hatuwapi wagonjwa wetu mashine wala wageni. Mama alimwuguza baba mwenyewe mpaka mwisho. Hayo ni mambo ya Wazungu." Maneno haya yanachoma kwa sababu anayeambiwa tayari anajishtaki.

Tukumbuke vizuri jinsi mama alivyomwuguza baba. Ni kweli alikuwa kando yake usiku na mchana. Lakini alipotakiwa kugeuzwa, waliitwa shemeji na wapwa. Alipotakiwa kupelekwa zahanati, vijana wa mtaa walikibeba kitanda mabegani. Wifi alipika, binti wa jirani alichota maji, wazee wa kanisa walikaa naye jioni ili mama aende akaoge. Mama alikuwa na mikono ishirini, na tukiwa watoto tuliona miwili tu kwa sababu ndiyo iliyoshika kikombe.

Yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2 naye alibebwa na watu wanne. Walipoona mlango umejaa, walipanda wakafungua dari, wakamteremsha na godoro lake. Hatujui kama alikuwa na mke. Tunajua kwamba mmoja peke yake asingeweza.

Hapa Lozells shemeji wako Nairobi, wapwa wako Leeds, jirani wa ukuta wa kulia humjui jina, na kila mshirika yuko zamu. Kwa hiyo tunapomwambia mke amnyanyue mumewe mwenyewe kama mama alivyofanya, tunamdai jambo ambalo mama hakuwahi kulifanya. Mashine ile haikuchukua nafasi ya mke. Imechukua nafasi ya wale shemeji wanne, nafasi ambayo ilikuwa wazi tangu ndege ilipotua.

Wala huduma ya wataalamu kuja nyumbani si jambo la Wazungu peke yao. Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Dk. Anne Merriman huko Kampala mwaka 1993, na manesi wake wamekuwa wakiwafuata wagonjwa majumbani mwao kuwatuliza maumivu. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria ili manesi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu waweze kuandika dawa ya mofini, kwa sababu madaktari hawatoshi kufika kila kijiji. Kule Kenya, chama cha APDK kimekuwa kikihudumia watu wenye ulemavu wa viungo tangu mwaka 1958, na viti vya magurudumu ni sehemu ya kazi yake. Ndugu zetu huko nyumbani wamejua kwa muda mrefu kwamba familia inayouguza inahitaji mtu wa kuipokea mzigo.

Na hata Wazungu hawakulijua hili tangu mwanzo. Mwaka 1963 mchungaji Mary Webster, mwanamke aliyeacha kazi yake ili awatunze wazazi wake, aliandika kwenye magazeti kueleza hali ya watu kama yeye. Kutokana na hapo kikazaliwa, mwaka 1965, chama cha kutetea wanawake wasio na waume waliokuwa wakiwatunza ndugu zao. Mwaka 1976 serikali ilianza kutoa posho kwa aliyeacha kazi ili amtunze mgonjwa. Lakini mwanamke aliyeolewa alinyimwa posho hiyo. Hoja ilikuwa kwamba mke angekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, mwanamke aliyeolewa ambaye aliacha kazi yake amtunze mama yake, aliipinga sheria hiyo mpaka mahakama ya Ulaya, na Juni 1986 akashinda.

Tunalitaja hili kwa sababu fikra ile bado inaishi, na inaishi kwetu pia. Bado tunasema "yeye si mke wake?" kana kwamba neno hilo linamaliza mjadala. Mume akiugua, tunamhesabu mke kuwa kitu kilichokuwepo tayari, kama sinki la jikoni. Mke akiugua na mume akamwogesha, tunampigia makofi. Kiapo kilikuwa kimoja kwa wote wawili, na uchovu wao ni mmoja.

Mpaka hapa tumemsemea anayeuguza. Lakini kitandani yuko mtu, naye ana lake la kusema. Kuna msemo tunaoupenda: ukibebwa, bebeka. Ni msemo mzuri akiusema mgonjwa mwenyewe. Ukisemwa na wazima juu ya kichwa chake, unakuwa amri ya kumnyamazisha. Baba aliyekuwa mzee wa ukoo anaweza kuona aibu kubwa kuogeshwa na binti wa umri wa wajukuu wake. Mama anaweza asitake mwanamume mgeni amwone. Hiyo ni heshima yake, na tusiichukulie kuwa ukaidi. Aulizwe, naye aulizwe kabla ya mashine kuletwa: nani angependa amwogeshe, saa ngapi, mlango ufungwe au la, watoto wawepo au watoke. Kama ulimi umelegea kwa kiharusi, aulizwe kwa macho na kwa mkono, na apewe muda wa kujibu. Unaweza kuomba kampuni ilete mhudumu wa jinsia anayoitaka mgonjwa. Hawataweza kila siku, lakini ombi hilo ni halali na linatakiwa kuandikwa kwenye mpango wa huduma.

Tunajua pia kwamba mgonjwa anaweza kukataa mashine kabisa na kusema, "Nataka mke wangu tu." Hapo mapenzi na haki vinagongana, na hatutaki kujifanya hakuna mgongano. Jibu letu ni hili. Mgonjwa ana haki ya kukataa kuguswa kwa namna asiyoitaka. Hana haki ya kuudai mgongo wa mwenzake uvunjike. Kiapo kinawafunga wote wawili, hata aliyelala. Naye pia aliapa kumtunza mwenzake, na kukubali kunyanyuliwa salama ni njia mojawapo aliyobakiwa nayo ya kukitimiza kiapo chake. Mwambieni hivyo kwa upole. Tumewaona wazee waliokuwa wakikataa wakibadilika walipoelewa kwamba kwa kubebeka vizuri, wao ndio wanaomlinda mke.

Tukubali pia kwamba kuna kinachopotea. Kitanda cha hospitali ni cha mtu mmoja. Wanandoa waliolala pamoja miaka 25 wanalala mbali kwa mara ya kwanza, mmoja akisikia pampu ya godoro ikinguruma usiku kucha. Sebule iliyokuwa ya wageni sasa ina harufu ya dawa. Wahudumu wanaingia mara tatu au nne kwa siku, na nyumba inakuwa kama kituo cha basi. Anayesema hakuna kilichopotea hajawahi kulala kwenye kochi kando ya kitanda cha namna hiyo. Huzuni hiyo si dhambi, wala si kukosa shukrani kwa Mungu. Ni haki ya mtu kulia.

Lakini tazama pia kinachopatikana. Mke asiyetumia nguvu zake zote kunyanyua anabaki na nguvu ya kukaa. Anaweza kumpaka mafuta mikono, kumsomea ujumbe wa watoto, kumwimbia, kumkumbusha yule ng'ombe aliyetoroka siku ya mahari. Mashine haiwezi kufanya lolote kati ya hayo, na wahudumu hawamjui kiasi hicho. Kwa hiyo tunapofundisha familia, tunawaomba jambo moja: mgonjwa anapopandishwa, mmoja wenu asimame mbele ya uso wake. Mshike mkono. Mwite jina lake. Mwambie, "Baba, sasa unapanda. Sasa unashuka. Tayari umefika." Anayening'inia hewani bila kuona uso anaoujua anajihisi mzigo. Akiuona uso huo, anajua bado ni mume wa mtu.

Na hapo ndipo penye hatari ya upande wa pili, maana kifaa kinaweza kutumiwa vibaya. Kuna anayefurahi wahudumu wakija kwa sababu sasa amepata ruhusa ya kutokuwepo. Mgonjwa ni msafi, amelishwa, amegeuzwa kwa saa, na hakuna aliyezungumza naye tangu asubuhi. Wa namna hiyo asijifariji kwamba mgongo wake ni mzima.

Tuseme sasa machache ya kutumika, kwa wale walio katikati ya jambo hili. Chini ya Sheria ya Huduma ya mwaka 2014, anayemtunza mwenzake hapa Uingereza ana haki ya kupimwa mahitaji yake mwenyewe na halmashauri, mbali na vipimo vya mgonjwa. Omba kipimo hicho, na usiseme "naweza tu" kama huwezi. Vifaa vya kumsaidia mtu kuishi nyumbani, na marekebisho madogo ya nyumba yasiyozidi pauni 1,000, hutolewa bila malipo kwa aliyeonekana kuvihitaji. Kwa marekebisho makubwa, kama bafu la chini, ipo ruzuku ya halmashauri inayoweza kufika pauni 30,000, ingawa kipato hutazamwa. Anayemtunza mgonjwa kwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kustahili posho ya mlezi, kwa masharti yake. Mwombe mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule wanayemwita OT, awafundishe kutumia hoisti mpaka mikono izoee, kisha mwombe arudi tena. Usikubali kuonyeshwa mara moja tu mlangoni.

Kwa wenye viza iliyoandikwa kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma: matibabu ya hospitali na huduma ya jamii ya halmashauri havimo kwenye orodha ya fedha hizo, lakini posho nyingi zimo. Kabla hujajaza fomu yoyote ya posho, muone mshauri wa uhamiaji mwenye kibali. Na usikae kimya kwa hofu mpaka mgonjwa apate vidonda. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Itafika pia siku, kwa baadhi yetu, ambapo hata mashine na wahudumu hawatatosha, na mgonjwa atahitaji kuhamia kwenye nyumba ya uuguzi au hospisi. Tunajua neno hilo linavyosikika masikioni mwetu. Hoja ileile inasimama. Aliyehamishwa hajaachwa, mradi mwenzake anafika, anaketi, anauliza, anagombana na nesi kwa niaba yake, na anajua leo amekula nini. Kiapo hakikutaja anwani.

Mwisho, tugeukie kanisa, yaani sisi wote. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunapomwona dada yetu Jumapili amevaa vizuri, mzigo wake kwetu ni mwepesi kama pamba ya msufi. Tunamwambia "pole sana, tunakuombea," tunaenda kunywa chai. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba kuchukuliana mizigo ndiko kuitimiza sheria ya Kristo, na mizigo ina uzito, inachukuliwa kwa mikono.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, kila nyumba yenye mgonjwa wa kulala ipewe watu wanne wa kanisa, kama wale wa Marko, waliopangwa kwa majina na siku. Kazi yao si kunyanyua mgonjwa, kwa kuwa hawajafundishwa. Kazi yao ni kukaa naye saa mbili ili mwenzake alale, aende dukani, au aje ibadani. Pili, tukienda kumwona mgonjwa tusiketi kwenye makochi tukizungumza wenyewe kwa wenyewe juu ya siasa za nyumbani. Tuvute kiti karibu na kitanda, tumsalimie yeye kwanza, kwa shikamoo yake kama ni mkubwa wetu. Tatu, wanaume wa kanisa wawatembelee wanaume walio wagonjwa. Wengi wamepotelewa na marafiki tangu walipoacha kusimama. Nne, anayepiga simu kutoka nyumbani na lawama, aambiwe kwa heshima kwamba nauli ya kuja kusaidia inapokelewa.

Kwa dada na kaka uliyeuliza swali letu la mwanzo, hili ndilo jibu letu. Hujakivunja kiapo. Ukubali mashine, ukubali wahudumu, ukubali wale wanne, kisha rudi kwenye kiti kilicho kando ya kitanda. Nafasi hiyo hakuna wa kukupokea, na ndiyo uliyoiapia.

Anayetaka kuzungumza nasi, au anayetaka kuwa mmoja wa wale wanne, atukute baada ya ibada, karibu na meza ya chai.

Mungu awatie nguvu wanaouguza, na awape amani wanaouguzwa. Amina.